Kazi za Mwenyewe Yupo

Kadi ya kwanza kufanywa na mtu asiyekuwepo ilihusu tarehe. Programu ya maduka ya dawa ilikuwa inausoma mwezi kama siku, na siku kama mwezi, hata dawa zilizoharibika zikaonekana nzima. Kwa wiki tatu kadi ya kurekebisha kosa hilo ilikaa kwenye ubao wa kazi bila mtu kuigusa. Jumatatu asubuhi Mama Kasoro aliwasha kompyuta yake akaikuta imehamia upande wa kulia, penye kazi zilizokamilika. Chini yake paliandikwa: "Imekwisha. Nipeni."

Akaijaribu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kuijaribu programu kabla haijaenda kwa wateja, na jina la Mama Kasoro alipewa kwa hilo, si kwa kuzaa. Alitafuta kosa mpaka saa sita mchana asilione. Katika miaka saba hakuwahi kukuta kazi ya binadamu isiyo na kosa hata moja, na badala ya kufurahi akaanza kuijaribu upya.

Aliyeifanya, kwa mujibu wa ubao, aliitwa Mwenyewe Yupo. Na Mwenyewe Yupo hakuwa mtu. Mama Kasoro alilijua hilo vizuri, maana ndiye aliyemtunga.

Ilikuwa hivi. Mkurugenzi alitoa amri kwamba kadi isiyo na mwenyewe ni aibu ya ofisi nzima. Kadi ya namna hiyo iligeuka nyekundu, na nyekundu zikifika kumi, wote walibakizwa Ijumaa jioni waeleze, mmoja mmoja, kwa nini hawana moyo na kampuni. Ndani ya mwaka walikuwa wameacha kazi watu wanne, hakuajiriwa hata mmoja, na kazi zao zikabaki zinaning'inia. Basi Mama Kasoro akasajili mfanyakazi wa uongo azibebe. Fomu ikadai majina mawili. La kwanza akaandika Mwenyewe, ili akiulizwa kadi hii ni ya nani, ajibu bila kusema uongo kwamba ni ya mwenyewe. La pili akaandika Yupo. Alicheka peke yake, akaona amefanya mzaha wa akili. Watu wanaoogopa kuwataja majini huwaita "wenyewe", lakini hayo hayamo kwenye shahada ya kompyuta.

Hapakuwa hivyo tangu mwanzo. Miaka mitano nyuma Mkurugenzi aliitwa Kaka, na ofisi ilikuwa sebule yake. Mtu akikwama, mwenzake alivuta kiti wakakwama pamoja. Sasa walikuwa ghorofa ya tatu juu ya duka la vigae, ukutani pamebandikwa SISI NI FAMILIA kwa herufi za plastiki, na kila Jumatano asubuhi kulikuwa na Duara la Shukrani, watu wazima tisa wameshikana mikono, kila mmoja akitaja jambo analoishukuru kampuni. Duara lilisimamiwa na Afisa Ustawi, ambaye walimwita Tabasamu kwa kuwa hata barua za kuachishwa kazi alizikabidhi akiwa anatabasamu. Babu, mwandishi wa programu mwenye miaka arobaini na mitatu, umri ambao katika kazi hiyo ni ukongwe, kwa wiki nane mfululizo alishukuru kwamba ofisi ina dirisha.

Kwenye meza iliyo chini ya dirisha hilo aliketi mdogo wake Mama Kasoro. Dada ndiye aliyemleta, tena kwa kumsifia mpaka Mkurugenzi akachoka. Tangu mama yao afariki walikuwa wakiishi vyumba viwili, wao wawili tu, na dada ndiye aliyegeuka mama, bila kuulizwa kama anataka. Binti alikuwa na miaka ishirini na mitatu na kila jambo lililomuumiza alilisimulia toka mwanzo mpaka mwisho, halafu akarudi mwanzo.

Wiki ile Mwenyewe Yupo alimaliza kadi kumi na nane. Ijumaa Mama Kasoro alimvuta Babu pembeni penye birika la kuchemshia maji, akamuuliza kwa mnong'ono ni nani anayezifanya.

"Mbona wauliza?" Babu naye akanong'ona. "Mgeni akikuoshea vyombo, humuulizi amezaliwa wapi."

"Babu, mimi ndiye niliyemwandika. Hayupo."

"Umemwandika Yupo," Babu akasema, akaondoka na kikombe chake bila kuweka sukari.

Mwezi mmoja baadaye hapakuwa na mtu asiyemrushia kazi zake. Walianza na zilizowachosha, wakaendelea na zilizowashinda, wakamalizia na zile ambazo mtu mwenye haya hampi mwenzake. Kila moja ilirudi imekwisha, na chini yake neno lile lile, Nipeni. Kwenye kona, karibu na mashine ya kuchapia, kulikuwa na kiti cha yule wa mwisho kuacha kazi, na asubuhi ukikigusa kilikuwa na joto. Paliingia harufu ya nywele zilizoungua, hafifu, ya kumfanya mtu ajinuse mwenyewe kwanza. Kisha, Jumatano moja, wakiwa kwenye Duara wameshikana mikono yote kumi na minane na Tabasamu amewaomba wafumbe macho, wote walisikia kibodi inabonyezwa pale konani, taratibu, bila pupa. Babu aliuminya mkono wa Mama Kasoro mpaka mifupa ikalia. Hakuna aliyefumbua macho.

"Mnasikia?" Mkurugenzi akasema. "Huyo ndiye mfanyakazi. Halalamiki."

Hakuwahi kuuliza ni nani. Alimtangaza mfanyakazi bora wa mwezi, akamtundikia fremu isiyo na picha, na tangu siku hiyo kila aliyeomba ruhusa alionyeshwa fremu ile kwa kidole.

Ndipo wakaanza kumpa mambo yasiyo ya ofisi. Babu aliandika kadi: Kumjibu mke wangu. Mke akajibiwa vizuri mno. Akamwambia Babu kwamba tangu waoane hajawahi kumwandikia maneno kama yale. Wiki ya pili akamwomba Babu alale sebuleni, akisema chumbani pana mtu. Tabasamu naye aliandika: Kumwambia mlinzi kwamba mkataba wake umekwisha. Kesho yake mlinzi alikutwa amekaa mahali pake pa kila siku, kofia magotini, hajui anakaa wapi wala anaitwa nani. Wanawe wakaja kumchukua kama mtoto aliyepotea sokoni. Tabasamu aliwafungulia lango, na alikuwa anatabasamu.

Mama Kasoro aliyaona hayo yote. Alikuwa hodari wa kuona kosa na mvivu wa kuliita kwa jina lake likiwa la kwake. Angeweza kuifuta akaunti ile kwa kubonyeza mara mbili. Lakini alikuwa akirudi nyumbani mapema kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, na mtu aliyepumzika ana maneno mengi ya kujitetea.

Jumatano iliyofuata, Duara lilipokwisha, Mkurugenzi alimsimamisha mdogo wake Mama Kasoro katikati ya ofisi. Duka moja la dawa lilikuwa limelalamika. Mkurugenzi akaweka simu kwenye spika, mteja akisikiliza upande wa pili, akamwamuru binti aseme mara tatu: mimi ni mzembe. Akasema mara tatu. Mara ya tatu mteja mwenyewe alisema basi, inatosha. Watu waliinamia kibodi zao, na dada mtu alikuwa miongoni mwao.

Siku nzima binti alimtumia dada yake ujumbe kutoka hatua sita tu. Usiku akaendelea nyumbani, asubuhi wakiwa njiani akaendelea. Alhamisi, saa nne, ujumbe wa kumi na moja ulipoingia, Mama Kasoro akavuta ubao wa kazi, na kwa mzaha wa mtu aliyechoka akaandika kadi mpya: Kumsikiliza mdogo wangu akilalamika. Kwenye nafasi ya mhusika akamweka Mwenyewe Yupo.

Kabla hajashusha mkono, kadi ilihama. Haikwenda upande wa kulia. Ilisimama katikati, penye kazi zinazoendelea, na chini yake, kwa mara ya kwanza, palikuwa na neno jingine. "Ehe?"

Ujumbe wa kumi na mbili haukuja.

Siku za kwanza dada alishukuru. Nyumba ilitulia. Binti alikula kidogo, akaosha sahani, akaingia chumbani kwake, na huko ndani alisikika akizungumza kwa sauti ya chini, na Mama Kasoro akajiambia labda amepata mchumba. Ofisini binti alimaliza kazi za siku tatu kabla ya saa tano. Mkurugenzi alimpiga bega, akasema, unaona, ukiacha kunung'unika. Kisha asubuhi moja walifika pamoja mlangoni, penye mashine ya kusoma vidole. Binti akaweka kidole chake, mashine ikalia, na kwenye kioo chake pakaandikwa: Karibu, Mwenyewe Yupo. Binti akapita bila kutazama.

Mchana wa siku hiyo, jua likiwa limejaa dirishani na watu wote wapo mezani kwao, Mama Kasoro alimpelekea chai, akasimama nyuma yake, na kwanza aliona vidole tu, vinakwenda upesi kuliko mtu anavyoweza kufikiri, kisha akaona kwamba macho hayakuwa kwenye kompyuta bali yametazama nje, hayapepesi, na kwamba midomo ilikuwa inacheza, ikieleza, ikisita, ikieleza tena, kama ya mtu anayemsimulia rafiki yake jambo zito, na kila iliposita paliitikiwa ehe, na ile ehe haikutoka mdomoni, ilitoka chini, kifuani mwa mdogo wake, sauti nzito, nyevu, yenye subira kuliko ya mtu yeyote aliyewahi kumjua, na alipoinama asikie vizuri harufu ya nywele zilizoungua ilimjaa puani hata akaona kizunguzungu, na kikombe kikamponyoka, na chai ya moto ikamwagika kwenye paja la binti, ikatona mpaka sakafuni, na binti hakushtuka, hakugeuka, vidole havikusita, na ile sauti ya chini ikasema tena, kwa upole, ehe, endelea.

Walikuwa na shangazi mmoja, dada yake baba, fundi cherehani, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa akipunga majini ya watu. Hakuwa na mbwembwe. Alikuja nyumbani jioni hiyo na ubani kwenye mkoba mmoja na nguo za wateja, akakaa na binti dakika kumi, akatoka na kufunga mlango polepole.

"Wengine huingia kwa hasira, wengine kwa mapenzi," akasema. "Huyu wenu ameajiriwa. Nani alimwita?"

Mama Kasoro akaeleza, akajikuta ananong'ona. Alipofika kwenye majina mawili, shangazi alivua miwani.

"Uliandika yupo? Kwa mkono wako?"

"Ulikuwa mzaha, Shangazi."

"Na yeye akaitika. Mwenye adabu ni nani hapo?" Akavaa miwani. "Sikiliza. Kitu ulichompa kwa mkono, huwezi kumnyang'anya kwa dua. Kila aliyempa kazi airudishe yeye, aseme hii ni yangu. Akikosa kazi, atakwenda pengine."

Ijumaa, saa sita mchana, shangazi alisimama katikati ya ofisi, tepu ya kupimia bado iko shingoni, akawaambia hivyo hivyo. Binti alikuwa anafanya kazi dirishani kana kwamba hapakuwa na mtu. Hakuna aliyebisha kwamba ni jini. Hilo ndilo lililomwogopesha Mama Kasoro zaidi: walijua wote, na tangu mwanzo.

Babu aliutazama ubao muda mrefu. Kadi zake zilikuwa mia moja na ishirini. Akasema macho yake siku hizi hayamsaidii, na kwamba hata hivyo sebuleni amezoea. Tabasamu akasema jambo hili linagusa familia zaidi kuliko kampuni, na kampuni inaheshimu faragha. Wengine walisema watafikiri, au walijitia kupokea simu. Mtu mmoja alirudisha kadi mbili, akaona zinahusu nini, akamrushia tena palepale shangazi akiwa anamtazama. Watu hao walikuwa wakiichukia kazi yao kwa moyo mmoja. Kila jioni ngazini walimtukana Mkurugenzi mpaka wakapata nguvu za kurudi kesho. Lakini kuichukia kazi ni jambo moja, na kuifanya ni jingine.

Mkurugenzi alitoka chumbani kwake mwisho. Alimtazama binti kama mtu anavyotazama gari lisilokula mafuta.

"Mwezi huu peke yake amefanya kazi ya watu sita," akasema. "Mkimtoa, mnaniachia nani? Ninyi?"

Shangazi alimshika Mama Kasoro mkono, akamvuta mpaka kwenye meza ya dirishani.

"Hawa waache na mizigo yao. Hizo nyingine atazifanya popote. Mlango wa mwili wa huyu mtoto ni mmoja, na uliufungua wewe. Irudishe kadi yako. Ila ukiirudisha, uifanye. Imeandikwa kusikiliza. Usimjibu, usimshauri, usimsahihishe, hata kidogo. Akifika mwisho atalia. Akilia, basi ametoka."

Mama Kasoro alivuta kiti. Akaisogeza kadi, akafuta jina lile, akaandika la kwake, akasema kwa sauti iliyomtoka kavu, "Hii ni yangu." Vidole vya binti vikasimama. Kwa mara ya kwanza katika wiki mbili akageuka na kumtazama mtu.

"Dada," akasema.

"Nipo, mdogo wangu. Niambie."

Akamwambia. Alianza mbali, tangu wiki ya kwanza ya kazi, jinsi alivyokuwa akijificha chooni kula mkate kwa kuwa alionekana mvivu akila mezani. Akaeleza kila kicheko na nani alicheka. Akaeleza jinsi alivyokuwa akimngoja dada yake nyumbani na maneno yamemjaa, na dada anaingia anavua viatu na kusema niache kwanza. Sauti yake ilikuwa yake, nyembamba, yenye kukwama kwenye maneno yenye r, na rangi ilikuwa inamrudia usoni. Nusu saa ikapita, kisha saa. Harufu ilipungua. Mama Kasoro alijing'ata ulimi mara nyingi, maana mengine hayakuwa hivyo kabisa, mengine aliyakuza, na lile la viatu lilikuwa la uonevu. Kifuani mwa binti kulikuwa kunasikika kitu kama mtu anayekusanya vitu vyake, akitafuta kiatu cha pili, na shangazi, mgongo ukutani, alianza kuitikia kwa kichwa, kwa matumaini.

"Unajua unavyonisikiliza, Dada?" binti akasema. "Unanisikiliza kama unajaribu programu. Unangoja nikosee."

Machozi yalikuwa yamefika kwenye kope. Mama Kasoro akatikisa kichwa, hapana.

"Sikutaka unitetee," binti akasema, na mdomo ulianza kumcheza. "Nilitaka uniangalie tu. Siku ile, Jumanne, aliponisimamisha pale na ile simu, nilikutafuta kwa macho, nikasema dada akiinua kichwa tu, akiinua kichwa mara moja..."

"Jumatano," akasema Mama Kasoro.

Lilimtoka lenyewe, kama chafya. Aliufunika mdomo kwa mikono miwili. Ukutani shangazi alifumba macho.

Binti alibaki na mdomo wazi. Chozi moja lilikuwa limeanza kushuka. Likasimama katikati ya shavu, likakauka hapo hapo, kama maji juu ya bati la moto. Pumzi ndefu ilimwingia, nyingi kuliko kifua chake kinavyoweza kubeba. Kisha uso ukanyooka, ukawa mzuri, mtulivu, usio na dai lolote kwa mtu yeyote. Kwenye ubao kadi ilihama bila kuguswa, jina likabadilika, na safari hii haikusimama katikati, ilikwenda mpaka kulia.

"Asante kwa marekebisho, Mama Kasoro," akasema. Tangu ajue kusema hakuwahi kumwita hivyo. "Samahani, naomba unipishe. Nina kazi."

Akageukia kompyuta. Shangazi alikunja tepu yake, akaiweka mkobani juu ya ubani ambao hakuuwasha, akashuka ngazi bila kumuaga mtu. Mama Kasoro alisimama nyuma ya kiti akalitamka jina la mdogo wake, lile la nyumbani, mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Hakuna aliyeinua kichwa ofisini. Kisha akarudi mezani kwake na kukaa, kwa sababu ilikuwa saa tisa kasoro robo, na ripoti ilitakiwa saa tisa.